Kichuma cha Mutu wa Kirumba

Wenye banasema nilikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, bafunge kinywa. Sikunywa kitu, na macho yangu ingali inaona sindano mu nyasi. Hii mambo nilikuwa ndani yake, matako yangu juu ya moto, ile pikipiki ya mujukuu wangu Kambale.

Kambale ni motard. Anabeba batu na mizigo, Butembo mpaka Beni, Beni mpaka Mutwanga, na ile moto njo inalisha bibi yake na batoto. Lakini alitaka kupita benzake mbio. Mécanicien, fundi wake, alimuambia mbele yangu: «Mu moteur kuko kichuma cha matuta, arbre à came. Ile matuta inasukuma soupape, milango ya pumzi, moteur inapumua. Matuta ikiwa mirefu, utakimbia muzuri fasi ya tambarare. Lakini kwa mulima, polepole, na muzigo nyuma, itakuacha. Wewe ni mutu wa safari, weka ya kawaida.»

Alisikia? Hapana! Alienda kutafuta ya matuta mirefu kwa bamotard, akaweka. Tangu pale, moto ikisimama, moteur inalia tu-tu... tu, tu-tu... tu, kama mutu wa kigugumizi. Eti njo uzuri wake. Uzuri gani?

Siku moja alinipeleka Beni kuona kitukuu kipya. Mangaribi, mu mulima, ukungu ikashuka na mvua. Moteur ikakohoa, ikakataa kupanda. Tukasimama. Kando ya njia kulikuwa mwanaume, casque, kofia ya motard, mukononi, nguo yake yote kavu. Kavu! Na sisi tulikuwa tunalowana! Ninyi mungefanya nini?

«Jambo, Koko,» alisema kwa heshima, kama mutu anasalimu nyanya yake. Kisha kwa Kambale: «Iache ilie.»

Tu-tu... tu. Akainama, akaweka kiganja juu ya moteur. Matone ya mvua ilikuwa inachemka kando ya vidole vyake, yeye hata hapana shituka.

«Hii sauti ni yangu,» alisema. «Hiki kichuma nilikiweka mimi, nikaanguka nacho Kirumba. Ndugu zangu bangali banalala inje kwa matanga yangu, na wewe unakimbia nacho?»

Kambale alijificha nyuma ya mugongo yangu. Mimi pia niliogopa, muniamini, lakini hasira ilipita woga. «Wewe! Kama ulikufa, unasimamisha koko mu mvua juu ya nini? Enda ulale! Kichuma kitarudi.»

Akacheka kidogo. «Koko, uko mukali kama mama yangu.» Akamunong'oneza Kambale kitu mu sikio. Kisha ikabaki ukungu tu. Mu matope kulikuwa nyayo zetu. Zake hapana.

Tukarudia Butembo, Kambale anasukuma moto yenye ilizimika, mimi nyuma na makelele yangu.

«Ulijua ni ya marehemu?»

«Koko, lakini bengine bangeichukua!»

«Na matanga haijaisha?»

Akasukuma moto mbio zaidi. Pumbavu! Kwetu kitu cha marehemu hapana gusa mbele matanga iishe. Hata mutoto wa kunyonya anajua.

Kesho yake mécanicien alikitoa, na motard mwenye alimupa Kambale kile kichuma akatuongoza mpaka kwa mujane wa marehemu, Kirumba. Mujane alikipokea, akakifunga mu kitenge. «Kila mangaribi sauti ya moto yake ilikuwa inalia hapa inje,» alisema. «Nilikuwa nafungua mulango.»

Hapo nililia, mimi mwenye hapana lia ovyo. Na hasira yangu kwa Kambale ikazidi.

Leo ameweka ya kawaida, moto inapanda na mizigo bila shida. Lakini mufike kwa ule mulima: tu-tu... tu. Mécanicien amefungua moteur mara mingi, haoni kitu. Na lile sikio lenye Kambale alinong'onezwa halisikii tena, hata kengele ya misa. Alichoambiwa hajasema, hata kwa bibi yake.

Ninyi bamotard, chagueni arbre à came ya njia yenu, hapana ya kujionyesha. Na mbele ya kuuliza inakimbia namna gani, muulize: mwenye hiki kichuma yuko wapi? Mukikataa, musisimame kunibeba. Nitaenda na miguu.