Mpeleka wito aliyempa samansi marehemu

Saa nne asubuhi, mtaa wa Rusimbi, Kigoma mjini. Jua limekwisha kuwa kali na uchochoro mzima umenyamaza. Gervasi Ruhoza amesimama hatua tatu kutoka kwenye mlango wa bati, bahasha ya kaki kwapani, na anaita jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye karatasi.

Hakuna anayeitika. Redio iliyokuwa ikisikika ndani inazimwa. Pazia la dirisha linatikisika, kisha linatulia.

Gervasi haiti tena. "Ukimwita mtu asiyekuona, haitiki mara ya kwanza," anasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Anataka kwanza ajue anayemwita ni nani. Anaweza kuwa mtu. Anaweza kuwa kitu kingine."

Upande wa pili wa uchochoro mama mmoja anachambua dagaa kwenye ungo. Gervasi anamsogelea, anamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha anamuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote ya ofisi yake.

"Mama, mwenye jina hili yuko hai?"

Mama anasimamisha mikono. Anamtazama kuanzia viatu hadi usoni. "Ego, yuko hai," anajibu. "Anakuogopa tu."

Dakika kumi baadaye mwenye jina anatoka, anatia saini bila kuisoma karatasi, anarudi ndani na kufunga komeo mchana kweupe.

Gervasi ana miaka hamsini na tatu. Alizaliwa Kalinzi kwa wakulima wa kahawa, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mpeleka wito wa baraza moja la ardhi mjini Kigoma. Mtu akishtakiwa kwa sababu ya shamba au kiwanja, yeye ndiye anayempelekea samansi. Anachukua saini au alama ya dole gumba, kisha anaapa kwa maandishi kwamba karatasi imemfikia mwenyewe. Bila kiapo hicho, kesi haisogei.

Kwa mwezi anapeleka samansi kama arobaini, kwa miguu, kwa bodaboda na kwa mitumbwi ya injini. Mshahara wake haufiki laki tano. Viatu anamaliza jozi tatu kwa mwaka.

"Wapo wanaosema karatasi yangu inamfuata mtu," anasema. "Nikiingia dukani, maongezi yanakatika. Nikienda msibani kama mtu mwingine yeyote, wananiuliza nimemletea nani." Anacheka sana akisema hivyo. Anacheka peke yake.

Mwezi uliopita binti yake, Winfrida, mwenye miaka kumi na tisa na matokeo mazuri ya kidato cha sita, alimketisha sebuleni akamuuliza kama aombe chuo akasome sheria. Baba mtu alikuwa na jibu lake la siku nyingi, kwamba uuguzi una heshima na hauna maadui. Safari hii halikutoka. Alimwambia angoje kwanza Alhamisi ipite.

Alhamisi hiyo Gervasi alitakiwa kusimama mbele ya baraza lake mwenyewe na kukikana kiapo chake mwenyewe. Asipofanya hivyo, mjane mmoja anapoteza kiwanja chenye kaburi la mumewe. Akifanya hivyo, huenda akapoteza kazi.

Mambo yalianza Machi mwaka jana, katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Ujiji. Samansi ilikuwa ya Kasongo Mulenda, mwenye asili ya Kongo, aliyeshtakiwa na mfanyabiashara wa mjini kwamba kiwanja chake si chake. Gervasi alishuka mtumbwini saa sita mchana. Anakumbuka kwamba ziwa lilikuwa limetulia tuli na kwamba hakuna mbwa aliyebweka.

Alifika kwenye ua, akaita. Mwanamume mmoja alitoka ndani, amevaa shati lililompwaya mabegani, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa katikati ya ua.

"Kasongo ni miye," alisema.

Watoto wawili walimwita baba. Majirani waliokuwa ukutani waliitikia kwa vichwa. Mwanamume yule akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akaipokea samansi kwa mikono miwili.

"Niliviona vitu," Gervasi anasema sasa. "Mke alikuwa amenyoa nywele, amekaa chini, hamtazami mumewe hata mara moja. Karibu na kigoda kulikuwa na sahani ya ugali na samaki wa migebuka. Imepoa, haijaguswa, na kuku wanapita pembeni hawaisogelei. Nikaona hili halikai sawa. Lakini mtumbwi ulikuwa unaondoka. Nikafunga bahasha yangu."

Anasema mkono ulioshika ile karatasi ulikaa wa baridi mpaka Ujiji, na jua lile la Machi.

Akala kiapo. Siku ya kesi Kasongo hakutokea, wala siku iliyofuata. Mfanyabiashara akapewa hukumu ya upande mmoja, yaani kesi ilisikilizwa bila mshtakiwa kwa kuwa aliitwa akakaidi.

Miezi minne baadaye mwanamke aliyenyolewa alifika ofisini, nywele zikiwa zimeanza kuota. Jina lake ni Rahabu. Alikuwa na picha ya msalaba wa kaburi kwenye simu. Gervasi aliisoma tarehe ya maziko pale msalabani, akaisoma tarehe ya kiapo chake, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilipishana siku kumi na nane. Siku alipompa Kasongo samansi, Kasongo alikuwa amekwisha kuzikwa siku kumi na nane.

"Nilihesabu tena," anasema. "Niliuliza moyoni, sasa dole hili kwenye karatasi ni la nani?"

Alirudi kijijini kwa nauli yake. Mwanamume alikuwa pale pale, na shati lile lile. Anaitwa Heritier, mdogo wake marehemu. Hakuona haya wala hakukimbia.

"Papa, miye sikukudanganya," alimwambia. "Ulikuja ukaita Kasongo. Ile siku Kasongo nilikuwa miye."

Katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga mdogo wa marehemu huvishwa shati lake, huketishwa kwenye kigoda chake na kupewa jina lake kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo hakuna anayetamka ndani ya ua kwamba mwenye nyumba amekufa. Wanasema nyumba ikikosa wa kuitikia jina, mwenyewe anarudi kuitikia.

Na samansi je? Heritier alimwingiza ndani, akainua ncha ya mkeka wa marehemu. Ilikuwa chini, imekunjwa kama siku ile. Kinacholetwa kwa jina la Kasongo ndani ya mwaka huo ni cha Kasongo, na walio hai hawakifungui. Ndiyo maana hakuna aliyekwenda kwenye kesi.

Hapakuwa na mwongo hata mmoja katika ua ule, na bado mjane alikuwa amenyang'anywa kiwanja. Jambo hilo ndilo linalomtesa Gervasi kuliko aibu yake mwenyewe.

Wakati huo mfanyabiashara alikwisha kuleta mafundi wachimbe msingi, mita chache kutoka kaburini. Walichimba siku mbili wakaacha. Fundi mmoja, Meshack, anasema walikuwa wanne na walikuwa wakiitana kupeana sururu na koleo, ila kila jina lilipoitwa, kulikuwa na mtu wa tano anayesema "naam" kutoka upande wa msalaba. "Mchana, jua linawaka," anasisitiza. "Tuliacha hata ndoo."

Gervasi haamini mambo hayo, au ndivyo anavyosema. Alikwenda kupatazama. Alipotaka kumwita mwenyeji wake aliyekuwa ng'ambo ya kiwanja, alipiga makofi.

Wenzake kazini walimshauri akae kimya, kwa kuwa amebakiza miaka miwili tu afikie umri wa kustaafu kwa hiari. Rahabu alikwisha kuomba hukumu itenguliwe, lakini bila kauli ya mpeleka wito ilikuwa shida, kwa sababu kiapo cha kwanza kilikuwa pale kwenye faili, pamoja na lile dole gumba.

Gervasi aliandika kiapo kipya kwa mkono, akampa Winfrida akisome. Binti alikisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Baba, hapa umeandika ulidanganywa. Nani alikudanganya?"

Gervasi alichukua kalamu, akaufuta mstari, akaandika juu yake: "Sikuuliza."

"Hapo ndipo nilipojua hawezi kuwa nesi huyu," anasema, na machozi yanamlengalenga machoni wala hayafichi.

Alhamisi mwenyekiti wa baraza alimtazama juu ya miwani. "Mwaka jana uliapa ulimpa Kasongo. Leo unaapa hukumpa. Nikuamini siku gani?"

"Leo, Mheshimiwa," Gervasi alijibu. "Siku ile niliapa nilichokiona. Leo naapa nilichokiuliza."

Hukumu ilitenguliwa. Kesi itaanza upya, na Rahabu ndiye atakayeitwa, kama msimamizi wa mirathi. Msingi hautachimbwa. Kesho yake Gervasi alikuta mezani barua inayomtaka ajieleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua. Hajui itakuwaje. Anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa.

Winfrida alipata jibu lake jioni ya siku hiyo ya barua, wakila. "Kasome," baba yake alimwambia. "Lakini usije ukawa mwanasheria wa faili. Faili linakwambia mtu anaitwa nani. Nenda mpaka mlangoni kwake, ukae, ule wanachokupa, uulize hata swali la kijinga. Na ukiona kitu hakikai sawa, mtumbwi uondoke bila wewe."

Maombi ya chuo ameyatuma. Kabla ya majibu kutoka, baba na binti wana safari moja. Mwaka wa matanga umechelewa kumalizwa kwa sababu ya kesi, na wazee wa ukoo wamesema Heritier hawezi kuvua jina la kaka yake wakati kaka bado anaitwa na serikali. Aliyemwita lazima aje amwachie. Wamemwomba Gervasi afike Jumamosi asubuhi, asimame kaburini, aite jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye samansi, kisha aseme kwamba wito umefutwa.

"Nitakwenda," anasema. "Nilimwita mimi. Nitamwambia haitwi tena mahali popote, apumzike. Halafu nitanyamaza kidogo, kwa adabu."

"Na akiitika?" Winfrida anauliza. Anatabasamu, lakini mkono wake umeshika kiti.

"Akiitika, mwanangu, utaandika alichosema. Neno kwa neno."