Nilihamisha email za shule Kator, nikaacha "takataka" za mzee Taban

Wakuu, mko poa? Haya yamenikuta mimi mwenyewe wiki jana, na siongezi chumvi.

Mimi ni Mkenya, fundi wa kompyuta hapa Juba. Shule moja ya mtaa wa Kator iliniita nihamishe email za katibu wao, mzee Taban, kutoka kompyuta iliyochoka kwenda laptop mpya yenye programu nyingine. Email za miaka na miaka.

Nikaexport. Kwa ujuaji wangu nikaruka folder ya Trash, maana nani anahama na takataka?

Nikaimport, inbox ikajaa vizuri. Nikafuta faili la email kwenye ile kompyuta ya zamani. Hapo nishaanza kujipigia makofi.

Mara akaingia Keji, binti aliyesoma pale. Amepata kazi ya unesi, ila hospitali inataka matokeo yake ya mtihani kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Karatasi ziliungua wakati wa vita. Ilibaki email moja tu yenye matokeo hayo, kwa mzee Taban.

Mzee akaniambia, bila wasiwasi, fungua Trash.

Tupu.

Nikamweleza nilichofanya. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mwanangu, wakati ya vita watu nafungua kabati, nafungua sanduku. Pipa ya taka hakuna mtu nafungua. Kitu kubwa yote mimi naweka pale."

Wakuu, niliona aibu. Keji hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Bahati ni kwamba diski ya kompyuta ya zamani sikuwa nimeiandikia kitu kingine. Nikaendesha programu ya kurudisha mafaili kutoka kwenye flash yangu, tukakaa watatu tunaitazama ikichekecha. Mzee akaagiza chai. Yangu ikapoa nikitazama saa.

Saa tisa na nusu faili likarudi. Nikaimport tena, safari hii na Trash yake. Barua elfu na ushee, na ya Keji imo!

Tukaituma. Hospitali wakajibu aanze Jumatatu. Keji akapiga kigelegele mpaka walimu wakatoka madarasani, na mimi mtu mzima nikacheza.

Nikamuuliza mzee kama sasa tumfungulie folder nzuri yenye jina. Akakataa katakata.

"Kalas, basi. Rudisha kwa pipa."

Nikarudisha, nikazima na ile setting ya Trash kujisafisha yenyewe.

Funzo: kabla hujaita kitu cha mtu takataka, muulize mwenyewe.

Haya, mafundi wenzangu, nyie mmeshakuta watu wameficha nini na wapi? Semeni, nisicheke peke yangu.