Uvimbe Uliohitaji Muhuri

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Sumbawanga, mlango wa daktari uko wazi, nikatega sikio. Mzee mmoja wa Mpui alikuwa anasomewa majibu: uvimbe uliotolewa kwenye njia yake ya hewa, uliomkohoza miaka miwili huku akitibiwa pumu, si saratani.

Hakutabasamu. "Andika hapo chini kwamba haukutumwa na mtu."

"Mzee wangu, hilo maabara hawapimi."

"Kikao cha ukoo kilimfukuza shemeji yangu kijijini, eti ndiye aliyenitumia kikohozi hiki."

Daktari akaandika huku akisoma: "Uvimbe huu umeota wenyewe."

Mzee akaipokea karatasi, akaigeuza, akairudisha mezani. "Gonga na muhuri."

Mihuri nimeisotea kwenye ofisi nyingi. Wa kumrudisha mtu kwake, ndiyo kwanza nauona.