Kompyuta imekubali, vigelegele vimepigwa, na mimi nimeaibika

Wallahi leo kompyuta imeniaibisha mbele ya mtaa wetu mzima wa Junda.

Mnajua nasomea hesabu. Nina programu inayokagua uthibitisho wangu, yaani hoja za kuonyesha kwamba jambo ni kweli, mstari kwa mstari, na tangu Ramadhani inanikatalia. Hata jambo lililo wazi kama mchana, inataka nilieleze!

Leo asubuhi ikakubali. Yote.

Nikapiga kelele za furaha. Mama akatoka jikoni, hata hakuuliza, akapiga vigelegele.

Sasa vigelegele kwenye nyumba yenye binti ambaye hajaolewa...

Jirani yetu Bi Zuhura akaingia amejitanda leso mpya: "Hongera mwanangu! Nani kaja kuposa?"

Nikamwambia hakuna posa, ni kompyuta imekubali hesabu zangu. Akakaa hivyo hivyo, akaletewa chai.

Ndipo mwalimu wangu, niliyekuwa nimemtumia kazi ile, akapiga simu.

"Hebu soma ulivyoanza. Juu umesema namba hii imezidi kumi. Chini yake umesema haifiki kumi. Ukianza na mambo yanayopingana, kompyuta itakubali lolote."

Lolote? Nikajaribu. Nikaandika mwishoni kwamba moja ni sawa na mbili.

Ikakubali, bila swali!

Yaani ukweli wangu iliuhoji miezi, uongo wangu imeupokea kwa mikono miwili. Niambieni kama hii si dhuluma.

Nikawaeleza Mama na Bi Zuhura, machozi yananilenga. Mama akamwongeza mgeni wake chai, kisha akanigeukia.

"Basi iandikie kwamba umeolewa. Ikubali, nasi tupumzike."