Bi Sitaki na Kondoo wa Mkia Mnene

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, hata watoto waliokuja kupunguziwa sare za shule walimwita Bi Sitaki. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti inayovuka barabara bila kusubiri magari yapite.

Jina hilo alilipatia nyumbani kwao, siku ya kikao cha ukoo baada ya baba yao kufariki. Mzee aliacha kundi la kondoo wekundu, wenye manyoya mafupi na mikia minene iliyojaa mafuta. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa na usemi. Chama cha wafugaji kilikuwa kimeleta madume ya mbegu mpya, makubwa, yenye mgongo mpana kama meza. Sharti lilikuwa moja: madume yote ya kienyeji yahasiwe, yasije yakapanda majike na kuharibu mpango.

"Mtoto wa mbegu mpya akifika umri wa kuuzwa, ni karibu mara mbili ya hawa," kaka akasema. "Hawa wa baba ni sungura waliopewa mikia."

Watu wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka, maana kaka yake alijaliwa mdomo. Kisha akamwona mhasi akitoa koleo lake la kuhasia kwenye mfuko, akasimama.

"Sitaki," akasema.

"Hujaulizwa, dada."

"Ndiyo maana nasema bila kuulizwa. Umesahau mwaka ule mvua ilipogoma? Mikia ilinywea ikawa kama mifuko mitupu, lakini kondoo walisimama na watoto walinyonya. Sisi wenyewe tulikula kwa sababu yao."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, kaka. Nipe fungu langu leo hii. Dume lile na majike yanayonihusu."

"Utawafugia wapi? Chini ya cherehani?"

"Hata juu yake."

Akawapeleka mjini. Nyuma ya duka lake palikuwa na ua wa matofali ambao zamani ulikuwa gereji. Sakafu ilikuwa bado nyeusi kwa oili. Akaikwangua kwa jembe siku nzima, akatandaza mchanga, akaezeka bati upande mmoja. Asubuhi alishona. Jua likipoa alifunga duka na kuwatoa kondoo kwenda kula majani pembezoni mwa uwanja wa mpira na kwenye viwanja visivyojengwa, futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Mwenye nyumba alikuja juu. "Nilikupangisha duka, sikukupangisha zizi!"

"Mkataba wako unakataza kupiga muziki," akamjibu bila kuinua mguu kwenye pedali. "Nitajie kondoo aliyepiga muziki."

Mwenye nyumba akaenda zake.

Misimu ya kwanza mambo yalinyooka. Majike yalizaa bila taabu, na vitoto vilisimama vyenyewe kabla mama zao hawajamaliza kuvilamba. Lakini mabinti wa lile dume walipokua wakapandwa na baba yao, mambo yakaanza kwenda kombo. Kitoto kimoja kilizaliwa na taya limepinda. Kingine hakikuweza kusimama. Bi Sitaki alikikalisha mapajani, akakikamulia maziwa mdomoni tone kwa tone.

Hapo ndipo afisa mifugo, mwanadada aliyekuja kwa pikipiki, aliposimama mlangoni. Bi Sitaki akajaza mlango kwa mwili wake.

"Kama umekuja na koleo, rudi nalo."

"Sina koleo, mama. Nimesikia una kondoo wa asili ambao hawajachanganywa. Naomba kuwaona tu."

Alipoviona vile vitoto akachuchumaa, akavigusa taya na miguu. "Baba yao ni nani?"

"Dume ni hilo moja."

"Basi ni baba yao na ni babu yao pia. Kila damu ina kasoro zilizojificha, mama. Ukizungusha damu ile ile ndani ya ua mdogo, kasoro zinakutana na kutokeza. Umewakinga na kaka yako. Hujawakinga na wao wenyewe."

"Toka," Bi Sitaki akasema.

Yule dada akatoka. Kile kitoto cha mapajani kikafa mchana ule ule. Bi Sitaki akakizika, akanawa mikono, akarudi kwenye cherehani na kushona suruali moja mguu wa kulia mara mbili. Akaifumua. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa afisa mifugo kabla ofisi haijafunguliwa.

"Haya, niambie tena. Jana hasira zilikaa masikioni."

Afisa akamweleza kwa kirefu, na hakujificha. Ofisi yao ndiyo iliyoubariki ule mpango wa kuhasi, na yeye mwenyewe aliuunga mkono. "Hatukukosea kuleta madume makubwa. Tulikosea kujifungia mlango wa kurudi, kwa kuhasi ya kienyeji yote. Wewe unahitaji dume la asili lisilo na undugu na lako, na sijui kama limebaki."

Bi Sitaki akazunguka vijiji kwa miguu na kwa malori ya mchanga. Kila boma jibu lilikuwa lile lile: wamehasiwa, wameuzwa, wameliwa. Alikuwa amekata tamaa kabisa alipopita machinjioni na kuona, kwenye nguzo, dume jekundu la mkia mpana likingoja zamu yake. Mchinjaji alisema limetoka mbali, upande wa milimani.

"Niuzie."

"Mimi nauza nyama, mama. Siuzi bwana harusi."

Akashika kamba ya dume kwa mikono miwili. "Basi tuchinje sote wawili."

Mchinjaji akamtazama, akatazama na wenzake waliokuwa wakikenua meno. Koti lake la kazi lilikuwa limechanika kwapani. Bi Sitaki akaliona. Wakaelewana papo hapo: angewashonea wote makoti mapya, ya kitambaa kizito. Akaondoka na dume lake katikati ya soko, mchana kweupe, wachuuzi wakimpigia vigelegele vya dhihaka, naye akiwapungia mkono kama mgeni rasmi.

Watoto wa dume lile walizaliwa wazima.

Kisha ikaja masika isiyokatika. Malisho yakawa tope, na minyoo ikachachamaa. Kondoo wakubwa wa kaka yake wakavimba chini ya taya, kope zao za ndani zikawa nyeupe kama karatasi. Aliwanywesha dawa, akawanywesha tena. Dawa ilikuwa imezoeleka kwa minyoo, haifui dafu. Wengi wakafa. Wa Bi Sitaki walikohoa kidogo, wakaendelea kula.

Kaka akaja dukani, viatu vimejaa matope. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Unataka nikuombe msamaha?"

"Msamaha haupandi jike. Nitakupa dume. Lakini majike ya baba yaliyobaki yatengwe, yapandwe na wa asili tu. Hao chotara wako endelea nao, wana nyama, sibishi. Dume langu koleo lisimguse. Na kila baada ya msimu tunabadilishana madume, mimi, wewe na yeyote atakayekubali."

"Na nikikataa?"

"Mlango uliuona ulipoingia."

Akakubali kwa kunung'unika. Msamaha hakuuomba kamwe, na mbele za watu aliendelea kusema kondoo wa dada yake ni wadogo. Lakini yule dume alimjengea banda la peke yake, na baadaye maboma mawili ya jirani yakaingia katika mzunguko.

Mwaka uliofuata chama kikaitisha mkutano wa kupanga jambo lile lile, safari hii kwa mbuzi: mabeberu yote ya kienyeji yahasiwe. Bi Sitaki hakualikwa. Alifika akiwa amevaa gauni lake la kijani, ukumbi umejaa wanaume, akasimama katikati ya safu.

"Mwenyekiti, nina neno."

"Nani amemwalika huyu?" mwenyekiti akauliza.

Kaka yake, aliyekaa safu ya mbele na viongozi, hakugeuka. Aliiondoa kofia yake kwenye kiti cha pembeni alichokuwa amekishikia, akakipapasa kwa kiganja ili dada yake apaone pa kukaa.

"Nitasema nimesimama," Bi Sitaki akasema, na akasema hadi mpango ule ukaahirishwa. Haukufutwa. Naye aliahidi kuja mkutano unaofuata.