Zipu Iliyofungwa Mara Tatu

Msinitajie methali ya fahali wawili na nyasi. Nimechoka nayo. Mimi sikuwa nyasi. Nilikuwa mshonaji wa zipu katika kiwanda kimoja pale EPZ Athi River, kwenye viwanda vya bidhaa za kuuza nje, laini ya saba, na suruali zangu zilivaliwa Amerika.

Kitambaa kilitoka China, mnunuzi alikuwa Mmarekani. Wale wawili waliuziana kila kitu na bado hawakuacha kuvutana mashati. Mwaka ule Amerika ikazuia suruali za China zisiingie kwa wingi. Sisi tukashangilia: wakikosana huko, kazi inakuja huku.

Asubuhi moja supavaisa akaleta katoni. Ndani mlikuwa na suruali zilizokwisha kushonwa, hadi kifungo.

"Fumueni lebo ya China, mshone ya Kenya. Kazi rahisi hivyo, akina mama!"

Rahisi kweli. Wenzangu wakashika nyembe. Nami kibarua kile nilikihitaji mno: mama yangu alikuwa kijijini kwetu Mitaboni na watoto wangu wawili, na mvua ilikuwa imekataa kunyesha. Nikaigeuza suruali moja ndani nje. Aiya! Zipu ilikuwa imefungwa uzi mara tatu mwishoni, pale ambapo sisi tulifunga mara mbili. Kuna mwanamke huko China aliyeinama juu ya zipu ile mpaka mgongo ukamuuma kama wangu.

Kwetu kina mama wakichimba matuta pamoja, kwa mwethya, kila mmoja hupimiwa kipande chake. Ukisimama kwenye kipande cha mwenzako useme ni chako, utatungiwa wimbo, na wimbo huo utakufuata hadi sokoni.

Nikaweka wembe chini. "Supa, hii sikushona mimi."

"Nani amekuuliza? Weka lebo."

"Mwenye kuishona ako kwao."

"Kumbe siku hizi wewe ni Mchina?"

Laini nzima ikacheka. Nilikasirika, nikasimama.

"Mimi ni Mkamba, na kipande cha mtu silimi kwa mdomo!"

"Basi toka."

Nikatoka. Hakuna aliyenifuata, na siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watoto wake. Langoni askari mwanamke akanipekua kama kawaida, akakuta lebo moja ya Kenya ndani ya ngumi yangu.

"Hii ni ya kampuni."

"Nimeshona zipu hapa miaka minne. Hiyo moja ni yangu."

Akanitazama, akanikunja vidole tena juu ya lebo, akaniambia nipite.

Mitaboni tulikula muthokoi mtupu, mahindi ya kukobolewa bila maharagwe, kwa miezi. Mama alinuna, akaniita mjinga mbele ya majirani, nami sikuomba msamaha. Baadaye nikakodi cherehani. Nguo ya kwanza ilikuwa sare ya shule ya binti yangu. Ile lebo nikaishona ndani ya kola. Na zipu ya mgongoni nikaifunga mara tatu.