Chumba cha Wageni Wasiokuja

Nyumba ya Ilyasi, pale Magarama mjini Gitega, ilikuwa na chumba kimoja kizuri, na chumba hicho kilikuwa cha watu wasiokuwepo. Kilikuwa na sakafu ya simenti inayong'aa, dari ya mbao, madirisha mawili ya kioo yanayopokea jua la asubuhi, na mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Ndani yake makochi yalikaa yamevaa nailoni ile ile yaliyotoka nayo dukani, na juu ya nailoni vitambaa vya kufuma. Watu waliokuwepo, yaani Ilyasi, mkewe Mwajuma, binti yao Yasmina na Bi Fatouma, mama mzazi wa Ilyasi, walijibana katika vyumba viwili na ukumbi wa nyuma, ambao ulikuwa nusu jiko, nusu banda la kuku.

Ufunguo wa chumba hicho, saloni kama walivyokiita, ulifungwa kwenye pindo la leso ya Bi Fatouma. Alifungua, akafagia mahali pasipo na uchafu, akafunga.

Sasa Mwajuma alikuwa mchoraji wa vioo. Baba yake, marehemu Matata, alikata vioo sokoni Muyinga maisha yake yote, na binti alikulia kwenye vipande vilivyobaki. Alijifunza kuchora upande wa nyuma wa kioo, maandishi ya Bismillahi yakiandikwa kinyume, pembeni maua, ili anayetazama mbele aone kila kitu kimetulia kama kiko ndani ya maji. Vioo vyake vilitundikwa katika saloni za Gitega nzima. Saloni za watu alizijua ukuta kwa ukuta. Ya nyumbani kwake aliijua kwa mlango.

Kazi ya kioo haina msamaha. Rangi unayoanza nayo ndiyo itakayoonekana. Ya mwisho inafichwa nyuma. Chembe ya vumbi ikiingia mwanzoni, itakaa hapo mpaka Kiyama, huwezi kuipaka kitu juu. Na Mwajuma alifanyia kazi hiyo ukumbini, baina ya gunia la makaa na sufuria ya maharagwe, akipuliza majivu kwa mdomo.

Ndipo Khatija, Mhindi mwenye duka la vitambaa, alipoagiza Bismillahi kubwa kwa ajili ya duka jipya ambalo mwanawe Naushad alikuwa anafungua Muyinga. Mwajuma alifurahi. Kazi yake ingetundikwa katika mji wa baba yake, watu waliomjua marehemu wangepita wakaiona. Aliandika herufi kwa rangi ya dhahabu, akalaza kioo juu ya makreti kikauke, akaenda kuswali. Aliporudi, kuku mwekundu wa Bi Fatouma alikuwa anashuka taratibu kutoka upande wa pili wa kioo, na miguu yake ilikuwa ya dhahabu.

"Mama," Mwajuma alisema, "jina la Mungu limekanyagwa na kuku."

Bi Fatouma hakuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa anachambua. "Kuku haisomi. Futa, uandike tena."

"Nataka ufunguo."

"Ufunguo ya wapi?"

"Wa saloni."

Bi Fatouma alicheka, mpaka alipoona mwenzake hacheki. "Saloni iko ya wageni, mwanangu."

"Wageni gani?"

"Wageni wakikuja."

Mwajuma alifuta dhahabu yote kwa kitambaa na mafuta ya taa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema wahenga. Humu mgeni hajaja, na mwenyeji anaumwa. Tangu aolewe aliyewahi kuketi kwenye makochi yale alikuwa karani mmoja aliyekosea nyumba.

Hakuiba ufunguo. Alingoja Bi Fatouma afungue kufagia, akaingia nyuma yake na makreti, akatoka, akarudi na mlango wa zamani uliokuwa umeegeshwa uani, akaulaza juu ya makreti ukawa meza. Zulia alilikunja. Makochi aliyasukuma ukutani. Kisha akaweka kioo katikati, akachovya brashi na kuandika herufi ya kwanza.

"Ondoa hiyo kitu," Bi Fatouma alisema.

"Ni mbichi, mama. Ikihamishwa inaharibika. Kama unataka kuisukuma, sukuma wewe."

Bi Fatouma alilitazama jina la Mwenyezi Mungu lililokuwa linaanza kuandikwa, akatazama mikono yake, akaenda kumwita mwanawe.

Ilyasi aliuza vipuri vya pikipiki, na mbele ya wateja alikuwa simba. Alisimama mlangoni akikuna shingo. "Mama Yasmina, bon, mi sikatai kazi yako. Lakini nyumba bila saloni? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Nitajie mmoja."

"Watu, tu."

"Ada ya shule ya Yasmina, aliilipa nani muhula huu?"

"We ulilipa, nani anakataa?"

"Kwa hiyo hela ya kioo inaruhusiwa kuingia ndani. Kioo chenyewe kilale na kuku."

Ilyasi akatoka na simu yake, kwa kuwa mume aliyezidiwa hoja hukimbilia kwa wakwe. Alimpigia Hamadi, kaka yake Mwajuma, aliyekuwa akiishi Muyinga: Shemeji, njoo umuweke sawa dada yako. Hamadi akakubali kuja. Mara Bi Fatouma akapata nguvu mpya. Alikuja na ufagio na ndoo.

"Sasa utaondoa makreti yako. Tuko na mgeni."

"Mgeni anakuja kufanya nini, mama?"

"Anakuja kukuambia uondoe makreti."

"Yaani niondoe makreti ili apate mahali pa kukaa aniambie niondoe makreti?"

Bi Fatouma alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo heshima."

Mwajuma hakulala vizuri. Kilichomchoma hasa si kukatazwa. Ni kwamba kila mtu katika nyumba ile alimwonea haya mtu asiye na sura wala jina, na hakuna aliyemwonea haya yeye aliyekuwepo, mwenye mgongo unaouma. Lakini hasira peke yake hainunui hata msumari. Asubuhi alipita dukani kwa Khatija, akauliza nani siku hizi anamalizia nyumba. Khatija, ambaye alijua kila pazia linakwenda wapi, alimtaja Husni, mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa anajenga Bukirasazi. Mwajuma akamtumia ujumbe.

Hamadi alifika na vumbi la safari ya Muyinga mabegani. Akaingizwa saloni. Kioo kilikuwa bado mezani, sasa kina maua. Aliketi kwa tahadhari, nailoni ikalia chini yake, akaruka kidogo.

"Dada," alianza, akikohoa kama wazee, "mi nimelipa nauli kutoka Muyinga nikuje kukugombeza. Donc, nisikilize."

"Nakusikiliza, kaka. Kwanza nikuulize kimoja. Kochi ulilokalia limetoka wapi?"

Hamadi aliangalia chini. "Hii? Hii ilitoka nyumbani. Mi mwenyewe nilifunga kamba kwenye lori siku ya harusi yako. Mkono ulichubuka mpaka leo alama iko."

"Vyombo vya bibi harusi vinavyotoka kwao ni vya nani?"

Ilyasi akatazama dari. Desturi hiyo hakuna asiyeijua.

"Mama," Mwajuma alimgeukia mkwewe, "siku ile ulisimama uani ukawaonyesha majirani kimoja kimoja. Ulisema nini?"

Bi Fatouma alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. "Nilisema mukamwana wangu hakukuja mikono mitupu. Amekuja na vitu vyake."

"Vyangu. Basi vinaondoka leo. Chumba ni cha Ilyasi, sikikatai. Makochi ni yangu, na mnunuzi yuko nje."

Husni aliingia akiwa ameshakunja uso, kama afanyavyo mtu anayekuja kununua. Alizunguka makochi, akabonyeza moja kwa kidole. "Iko ya kizamani. Na imetumika. Kitu ya mkono wa pili, mama, haina bei."

"Imetumika na nani?" Mwajuma aliuliza.

"Miaka yote hii nyumbani kwa watu?"

"Shahidi wangu huyu hapa. Mama, mwambie ni nani amewahi kukalia."

Kama Husni angenyamaza, labda angepata bei nzuri. Lakini alitabasamu kwa dharau, na Bi Fatouma aliona ufagio wake wa miaka unatukanwa.

"We," alimwambia, "mi ndiye nalinda hii chumba. Hakuna mtoto amepanda hapa. Hakuna chai imemwagika. Hata mwanangu hajakaa, muulize. Nusa hiyo kitambaa. Nusa! Itanuka duka."

Husni alinusa. Ilinuka duka.

"Sasa sema bei ya kitu kipya," Mwajuma alisema, na kutoka hapo hakushuka tena. Husni alitoka mara mbili mpaka kwenye kamyoneti yake ya mizigo, na mara mbili akarudi. Hamadi, aliyekuja kugombeza, alijikuta ameshika pembe ya kochi. "Nilizipakia Muyinga, nazipakia Gitega," alinung'unika. "Mi kumbe ni kuli ya dada yangu."

Jioni chumba kilikuwa kitupu, na mwangwi ndani yake. Kwa fedha ile Mwajuma alimwita seremala: meza halisi chini ya dirisha, rafu za kukaushia zenye pazia la kuzuia vumbi, na kitasa kipya, ufunguo wake akautunza mwenyewe. Upande wa pili alitandika mikeka miwili mipana.

"Na wageni?" Ilyasi aliuliza.

"Hitma ya baba yako tuliisoma wapi?"

"Mkekani."

"Kuna mgeni aliyesema amedharauliwa?"

Ilyasi akavua viatu, akaketi, akanyoosha miguu katika saloni yake kwa mara ya kwanza. Hakusema pole. Mwajuma hakumngoja aseme. Alikuwa na kingo za kioo za kumalizia.

Kioo cha Khatija kilipokamilika, kilisimamishwa ukutani kabla ya kufungwa kwa safari ya Muyinga. Bi Fatouma aliingia bila kuambiwa avue viatu, alikuwa amevivua nje. Alikitazama, kisha akautazama ukuta.

"Hii ibaki hapa. Ukuta iko uchi."

"Hiki ni cha Khatija, mama. Ukitaka, agiza."

"Niagize? Mi, mama mkwe wako, kwenye nyumba ya mwanangu?"

"Kazi ni kazi. Wewe nitakupunguzia."

Bi Fatouma alitoka kwa kishindo, na kwa siku kadhaa hakumpa Mwajuma hata salamu. Kisha akarudi, akaketi mkekani, akafungua pindo la leso ambalo zamani lilishika ufunguo, akatoa noti zilizokunjwa.

"Kubwa kuliko ya Muhindi," alisema. "Na sitaki maua mingi."